Mahakama ya Rufani ya Breslau, 1879–1945

Mji uitwao leo Wrocław, katika nchi ya Poland, uliitwa Breslau hadi mwaka 1945, nao ulikuwa mji mkuu wa Silesia, mojawapo ya majimbo ya Prussia. Humo ilikuwamo mahakama ya rufani ya jimbo, ambayo kwa Kijerumani iliitwa Oberlandesgericht. Jina hilo lilianza kutumika Prussia mwaka 1808, likaachwa mwaka 1849, kisha likarudishwa tarehe 1 Oktoba 1879, siku sheria mpya za mahakama zilipoanza kutumika katika Dola yote ya Ujerumani. Chini yake zilikuwako mahakama za wilaya na za mkoa. Juu yake ilikuwako Mahakama Kuu ya Dola mjini Leipzig. Wala kazi yake haikuwa kusikiliza rufani tu. Rais wake alisimamia majaji na watumishi wa mahakama za Silesia, na vijana waliohitimu masomo ya sheria walipata mafunzo ya kazi chini ya uangalizi wake.

Sisi Walutheri tuna sababu ya kulikumbuka jimbo hilo. Ni huko Breslau, mwaka 1830, Profesa Johann Gottfried Scheibel alipokataa liturujia ya muungano iliyoamriwa na mfalme, naye akasimamishwa kazi. Baadaye waliomfuata waliongozwa kwa miaka mingi na Eduard Huschke, ambaye hakuwa mchungaji, bali profesa wa sheria. Basi katika mji huo sheria na imani vilikuwa vimekwisha kufahamiana zamani.

Tarehe 11 Machi 1933, siku ya Jumamosi, wanamgambo wa chama cha Hitler waliingia kwa nguvu katika mahakama ya Breslau. Walipita vyumbani wakipiga kelele kwamba Wayahudi watoke, wakawatoa nje majaji na mawakili wa Kiyahudi, wengine kwa kuwapiga. Wakati huo hapakuwa bado na sheria yoyote ya kuwaondoa. Majaji wa mji walikutana, wakaamua kusimamisha shughuli zote za mahakama kwa siku chache. Tendo hilo ni la nadra katika historia ya majaji wa Ujerumani wa miaka ile, nasi hatupendi kulidharau. Lakini mahakama zilipofunguliwa tena, mawakili wa Kiyahudi walioruhusiwa kuingia walikuwa 17 tu, katika mji uliokuwa na mamia yao. Majaji wengine walirudi vitini wakaendelea na kesi. Yaelekea kilichowaudhi zaidi ni fujo yenyewe, na kuvunjiwa heshima ya nyumba yao. Kwani sheria za tarehe 7 Aprili 1933 zilipoleta jambo lile lile kwa karatasi na mhuri, hatusikii tena kwamba mahakama za Breslau zilifungwa.

Sehemu moja ya eneo la mahakama hiyo ilikuwa na hali ya pekee. Silesia ya Juu ilipogawanywa kati ya Ujerumani na Poland, nchi hizo mbili zilifanya mapatano Geneva mwaka 1922 ya kulinda makundi madogo ya watu kwa miaka 15. Mwezi wa Mei 1933 Franz Bernheim, mfanyakazi wa duka mjini Gleiwitz aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya Uyahudi wake, aliandika malalamiko kwa Shirikisho la Mataifa, akiyategemea mapatano hayo. Serikali ya Hitler ililazimika kukubali, na sheria dhidi ya Wayahudi zikazuiliwa huko hadi mapatano yalipokwisha, Julai 1937. Hivyo, chini ya rais mmoja wa mahakama, wakili Myahudi wa Oppeln alilindwa na mwenzake wa Breslau hakulindwa, na umbali kati ya miji hiyo haufiki kilometa 100. Ulinzi huo ulitokana na barua ya karani mmoja wa duka. Haukutokana na majaji.

Tarehe 23 na 24 Aprili 1941 marais wa mahakama za rufani za Dola yote, pamoja na waendesha mashtaka wakuu, waliitwa Berlin. Franz Schlegelberger, aliyekaimu uwaziri wa sheria, aliwakutanisha ili waambiwe kwamba wagonjwa wa akili walikuwa wakiuawa kwa idhini ya Hitler, na kwamba malalamiko yote juu ya jambo hilo yapelekwe wizarani. Sheria haikuwapo; ilikuwapo karatasi yenye sahihi ya Hitler. Katika mkutano ule hakuna aliyepinga. Hata hivyo, Lothar Kreyssig, hakimu wa cheo cha chini mjini Brandenburg na mshiriki wa Kanisa la Ungamo, alikuwa amekwisha kumwandikia waziri mwezi wa Julai 1940 akipinga mauaji hayo. Alistaafishwa mwaka 1942. Hakufungwa.

Tusiwanyoshee majaji kidole peke yao. Mwezi wa Septemba 1941, Wayahudi walipoamriwa kuvaa nyota, Katharina Staritz, mwanatheolojia aliyehudumu katika kanisa la Breslau, aliwaandikia wachungaji wa mji akiwaomba wawapokee ibadani Wakristo wenye asili ya Kiyahudi, na waketi pamoja nao. Mamlaka ya kanisa lake mwenyewe ilimsimamisha kazi. Mwaka 1942 alikamatwa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akaachiliwa mwaka 1943.

Breslau ilisalimu amri tarehe 6 Mei 1945, na mahakama ya Kijerumani ikakoma pamoja na utawala wake. Katika miaka ya 1960 Fritz Bauer, mwendesha mashtaka mkuu wa Hessen, alianza kuwachunguza waliohudhuria mkutano wa Berlin ambao walikuwa wangali hai. Bauer alifariki mwaka 1968. Mwaka 1970 uchunguzi ulifungwa, bila hata mmoja wao kuhukumiwa.