Baridi Yabisi na Vidonge vya Rangi Mbili



Sisi mafundi cherehani tunaishi kwa vidole. Mteja wetu mmoja, mama wa bibi harusi, mwenyeji wa Biharamulo, alikuja kupimwa gauni vidole vimevimba. Asubuhi hata kifungo hakifungi. Tulipomuuliza anatumia nini, akatoa mkobani rangi mbili za duka la dawa. "Zinaua wadudu wa viungo, wanangu."

Fikra hiyo ina historia ndefu. Miaka ya 1930 madaktari wengi waliamini baridi yabisi huletwa na bakteria. Sweden, Nanna Svartz, mwanamke aliyepata uprofesa mwaka 1937, aliunganisha dawa ya salfa, inayopambana na bakteria, na dawa ya jamii ya aspirini. Ikapatikana salfasalazini, inayotumika hadi leo. Marekani, daktari Thomas McPherson Brown aliwatibu wagonjwa kwa tetrasaiklini. Mwaka 1995 yakachapishwa majaribio ya ndugu yake, minosaiklini, kwa wagonjwa 219 kwa wiki 48. Nafuu ilionekana, lakini ndogo.

Leo tunajua kwamba katika baridi yabisi kinga ya mwili huvishambulia viungo vyake yenyewe. Salfasalazini husaidia kwa kuituliza kinga hiyo. Rangi mbili za kujinunulia zinakuchelewesha tu, na ukichelewa viungo hupinda visirudi.

Tena antibiotiki zikimezwa ovyo, bakteria huwa sugu. Jirani na Biharamulo ni Ngara, ambako mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Miaka hiyo kuhara damu kulisumbua kambi za Maziwa Makuu, na dawa nyingi za kawaida hazikufua dafu.

Maharusi, nanyi mna lenu. Tetrasaiklini huweza kutia rangi meno ya mtoto aliye tumboni. Methotrexate, dawa kubwa ya baridi yabisi, haifai kwa mjamzito. Huachwa mapema kwa maelekezo ya daktari. Kama unatibiwa viungo, mwambie daktari kabla ya ndoa.

Mama yule tulimsihi aende hospitali akapimwe damu, naye akaenda. Gauni lake tukalitoa vifungo, tukatia zipu. Shifaa ni ya Mwenyezi Mungu; kutafuta tiba iliyo sahihi ni juu yetu.