Kuta Zinazokumbuka



Mwaka 1892, baada ya vita vya kidini kule Buganda, Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake, Mapadre Weupe, walikuja upande huu wa ziwa wakaanzisha misheni ya Kashozi, mama wa parokia zetu za Bukoba na Muleba. Waliowapokea hawakuwa wageni wa ujenzi. Wahaya walikuwa na msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi toka kileleni hadi chini. Jengo refu la pembe nne, la matofali ya kuchoma, ndilo lililokuwa geni.

Makanisa yale ya kale yalifundisha kabla padre hajafungua kinywa. Kisima cha ubatizo karibu na mlango, kwa kuwa kwa ubatizo twaingia katika Kanisa. Altare mbali, mwishoni, na mbele yake ukuta mfupi wa kupigia magoti wakati wa Komunyo. Mpangilio wa namna hiyo waonekana hata katika makanisa ya vijijini Uingereza yaliyojengwa Karne za Kati. Huko, wakati wa Mfalme Edward VI (1547–1553), michoro ya watakatifu ukutani ilifunikwa kwa chokaa. Karne tatu baadaye chokaa ilibanduliwa, na mingi ikaonekana tena.

Sisi hatukutumia chokaa. Katika parokia moja niliyotumikia, niliridhia ukuta ule wa Komunyo uvunjwe ili kwaya ipate nafasi. Tulisema ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, nao haukuagiza hivyo popote. Dominika iliyofuata mzee mmoja alipiga magoti pale pale, juu ya sakafu tupu, mkono wake ukitafuta mahali pa kushika. Hakunilaumu.

Najua tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitufundisha kuziogopa kuta za matofali zisizo na nondo. Penye hatari pabomolewe. Uhai wa waamini kwanza. Lakini kamati ya ujenzi ianze kwa kupima, kupiga picha na kuwauliza wazee. Kardinali Laurean Rugambwa alipofariki mwaka 1997 alizikwa kwa muda Kashozi, hadi Oktoba 2012 alipohamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Jambo kama hilo nani atalijua kwa kutazama sakafu mpya ya vigae?

Matofali ya ukuta wangu niliyaona baadaye nyuma ya sakristia. Yalikuwa yamejazia shimo njiani, magari yapite.