Yai Lisiloatamiwa

Maganda makavu ya vitunguu maji, sufuria na siki kidogo: kupaka yai la Pasaka rangi hakuhitaji zaidi. Siki hulegeza ganda, rangi ikashika. Yai jeupe hutoka na wekundu wa kutu. La kahawia hukolea tu.

Inasimuliwa kwamba Wakristo wa Mesopotamia ndio waliotangulia, wakiyapaka mayai rangi nyekundu kwa kuikumbuka damu ya Kristo. Lakini kilichoyajaza makapu ni mfungo. Mwaka 692 mtaguso wa Konstantinopoli ulikataza mayai na jibini wakati wa Kwaresima. Kuku hawakupelekewa barua. Ulaya, giza la baridi hupunguza utagaji, na siku zinaporefuka mitetea hutaga kwa fujo, wakati uleule midomo ya watu imefungwa. Pasaka ikifika, mayai yamerundikana: yachemshwe, yapambwe, yagawiwe. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alinunuliwa mayai 450 ya kupambwa kwa ajili ya watu wake.

Katavi, magharibi mwa Tanzania, Pasaka ilifika na wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe, waliopokea kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Huku mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo hakuna msimu wa mayai unaosubiriwa. Sikukuu ikawa ya nguo mpya, wali, na kuku mwenyewe.

Baadhi ya waliobeba mila ya mayai hadi nchini walikuja kama wakimbizi. Kuanzia mwaka 1942, Wapolandi wapatao 5,000, waliotoka uhamishoni Umoja wa Kisovieti kupitia Iran, waliwekwa Tengeru, karibu na Arusha. Kwao Jumamosi Kuu ni siku ya kupeleka kanisani kapu la mayai ya rangi, libarikiwe. Wengi waliondoka; makaburi ya waliofia huko yapo hadi leo.

Miaka thelathini baadaye, mauaji ya 1972 nchini Burundi yaliwasukuma Warundi kuvuka mpaka, na mwaka 1973 makazi ya Katumba yakafunguliwa katika misitu ya miombo karibu na Mpanda. Wengi wao nao ni Wakristo, ila yai kwao lilikuwa na kazi nyingine. Anayeanza maisha kwa jembe na mtetea mmoja hachemshi mtaji: yai huatamiwa, vifaranga hukua, kuku huuzwa, mbuzi hununuliwa. Kwangu mimi, hesabu hiyo inaeleza mengi kuliko maneno yote kuhusu mila ngeni. Yai la rangi ni kifaranga kilichopotezwa.

Vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014, na watoto wengi wa Katumba wa leo ni Watanzania. Mtoto akiomba kujaribu rangi, bibi atayatumbukiza mayai kwenye maji kwanza: linalozama ni zuri, linaloelea linaachwa. Manne yataingia sufuriani. Moja litabaki kiotani, mtetea asihame.