Bomba Moja, Magurudumu Manne: Historia ya Kusoma Breki za Land Rover Kuukuu

Dereva wa Land Rover ya miaka ya 1950 alipokanyaga breki, pistoni moja ndani ya masta silinda ilisukuma mafuta kwenye njia moja, na njia hiyo ndiyo iliyogawanyika kwenda magurudumu yote manne. Bomba likitoboka nyuma kushoto, mafuta yalimwagikia hapo, na magurudumu mengine matatu, mazima kabisa, nayo yakakosa breki. Pedali ilizama hadi sakafuni. Dereva alibakiwa na gia na breki ya mkono.

Haikuwa kasoro ya Land Rover peke yake. Magari mengi ya wakati huo yalijengwa hivyo, na hata Marekani ilikuwa 1968 ndipo sheria ikalazimisha magari mapya ya abiria yawe na njia mbili zinazojitegemea. Ila Land Rover ilikuwa gari la kupelekwa mahali ambapo gari jingine halifiki, na huko ndiko mfumo wa njia moja ulikowatia watu shuleni. Mafundi wa Afrika Mashariki walijifunza kuitambua breki inayokufa kabla haijafa, kwa sababu ikishakufa hakukuwa na akiba. Ujuzi huo umepokezwa mkono kwa mkono, chini ya magari, na ni sehemu yake ndogo sana iliyowahi kuandikwa.

Breki yenyewe ni ya zamani kuliko gari hilo. Mfaransa Louis Renault ndiye anayetajwa kuipa breki ya dramu umbo lake la kisasa mwaka 1902: brekishuu mbili zilizopinda, zimekaa ndani ya dramu inayozunguka na gurudumu, zikisukumwa nje zinaubana ukuta wa dramu. Kwa miaka mingi zilivutwa kwa fito na nyaya, na nyaya nne hazivuti sawa hata siku moja. Gari likifunga breki linakwenda upande. Dawa ililetwa na Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina lake liligeuzwa tahajia na kuwa Lockheed. Aliweka mafuta mahali pa nyaya. Mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba hupeleka shinikizo lile lile kila upande, na mwaka 1921 gari la Duesenberg likawa la kwanza kuuzwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne.

Land Rover ilirithi mpango huo ukiwa tayari umezoeleka. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alitumia Jeep iliyobaki vitani. Yeye na kaka yake Spencer waliamua kujenga gari la mkulima la kwao. Chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgao baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Gari lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na dramu za inchi 10 kila gurudumu. Yale marefu yaliyofuata yalipewa za inchi 11.

Polisi, idara za wanyamapori, misheni na walowezi wa Kenya na Tanganyika waliyapokea magari hayo mapema. Uhuru haukuyaondoa, maana serikali mpya nazo zilikuwa na barabara zile zile. Mwaka 1974 kiwanda cha Leyland Kenya kilianzishwa Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa hapa hapa. Yalipochakaa serikalini yalikwenda kwa wafanyabiashara na wenyeji wa vijijini, yakabeba magunia, wagonjwa na abiria kupita kiasi. Spea zilifuatwa Barabara ya Grogan mjini Nairobi, ambayo leo ni Kirinyaga, au mitaa ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam.

Milima ndiyo iliyofundisha zaidi. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, iliyochongwa enzi za Wajerumani, inapanda takriban mita 1,000 kwa kona moja baada ya nyingine, na kinachopanda lazima kishuke. Ngorongoro ni kali zaidi: kuta za kreta zina kimo cha mita 600 hivi, na magari yasiyovuta kwa magurudumu yote hayaruhusiwi kushuka. Land Rover yenye mzigo, ya tani 2, ikishuka kimo hicho inatoa nishati ya karibu megajuli 12, inayotosha kuchemsha lita 35 za maji ya bomba. Sehemu kubwa ya joto hilo inaweza kubebwa na injini iwapo dereva ameweka gia ndogo. Akishuka kwa breki tu, joto lote linaingia kwenye dramu nne za chuma.

Hapo breki hupotea kwa njia mbili tofauti, na fundi mzoefu huzitenganisha kwa kumuuliza dereva swali moja: pedali ilikuwaje?

Akijibu kwamba ilishuka chini lakini ikabaki ngumu, na gari halikusimama, tatizo ni dramu. Chuma kikipata joto hutanuka, ukuta wa dramu unazikimbia brekishuu, na bitana ya brekishuu iliyoungua hupoteza mshiko. Akijibu kwamba pedali ililegea ikazama, kisha baada ya kupumzika chini ya mlima ikarudi vizuri, basi mafuta ya breki yalichemka. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Mguu unabana mvuke tu na brekishuu hazisogei. Gari hilo likifika gereji siku ya pili halionyeshi dalili yoyote, na wengi wamerudishiwa funguo wakiambiwa halina kitu.

Kwa nini mafuta yachemke? Yale ya miongo ya mwanzo yalikuwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi. Baadaye yakaja ya glikoli, ambayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Daraja la DOT 3 linatakiwa lisichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi likiwa jipya, lakini likishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ina unyevu mwaka mzima. Gari lililokaa miaka Tanga bila kubadilishwa mafuta ya breki, kisha likapandishwa Lushoto, linashuka na mafuta yaliyokwisha kuchoka, ingawa kopo la mafuta ya breki limejaa hadi alama. Maji hayo hayo huozesha kwa ndani silinda ndogo za magurudumuni zinazosukuma brekishuu. Ukizifungua unakuta vishimo vya kutu vinavyokwangua raba.

Madhara makubwa zaidi yalifanywa na watu wenye nia njema. Gari limekwama porini, mafuta ya breki yameisha, kuna dumu la oili ya injini: wanajaza. Oili ya madini huvimbisha raba za mfumo wa glikoli. Kwa saa chache breki hufanya kazi, kisha pistoni hunata, magurudumu yote manne yanabanwa, na dramu zinatoa moshi. Mwanafunzi akikuta magurudumu yote yana joto kwa pamoja asianze kufungua gurudumu moja moja. Achungulie kwanza kopo la mafuta na masta silinda, kwa sababu kosa lililoenea kote lina chanzo mahali ambapo njia bado ni moja.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo njia moja iliwafundisha mafundi. Kutoka pedali hadi gurudumu hakuna siri, ila kuna mahali pa kuanzia. Gari limesimama, magurudumu yamewekewa magogo, mwanafunzi anakanyaga pedali na kuishikilia. Ikizama taratibu huku mguu ukiwa palepale, shinikizo linatoroka: kiwango kwenye kopo kikipungua, kuna uvujaji nje, na utaonekana upande wa ndani wa tairi au kwenye kiungo cha bomba; kisipopungua, raba za masta silinda zinapitisha mafuta kurudi nyuma. Pedali ikiwa laini, na ikipigwa pampu mara kadhaa inapanda na kukaza, kuna upepo ndani, au brekishuu ziko mbali na dramu.

Jambo hili la mwisho limepoteza siku nzima za wanaoanza. Land Rover za zamani hazijirekebishi zenyewe. Nyuma ya kila dramu kuna kichwa cha boliti kinachozungusha kamu ndogo, na kamu hiyo ndiyo inayosogeza brekishuu kadiri bitana inavyolika. Ikishika kutu haizunguki, brekishuu inabaki mbali, na pedali inakuwa na safari ndefu. Mwanafunzi anatoa upepo, anatoa tena, anamaliza chupa nzima ya mafuta, na pedali haibadiliki. Fundi wake anachukua spana, anazungusha kamu hadi gurudumu likwame, anairudisha kidogo hadi lizunguke huru, anahamia gurudumu jingine. Ndipo wanatoa upepo, wakianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye usukani. “Kanyaga! Shika! Usiachie, mdogo wangu… haya, achia.” Mpira mwembamba umetumbukizwa kwenye chupa yenye mafuta, na mapovu yanatoka mpaka yaishe.

Pedali ikiendelea kuwa laini kuna hila nyingine ya gereji. Land Rover hizi zina mipira ya breki mitatu tu: miwili mbele, mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Fundi anaubana mmoja kwa uangalifu, ameuzungushia kitambaa usipasuke, kisha pedali inapimwa. Mpira ambao ukibanwa pedali inakaza ndio unaoelekea kwenye kosa. Mpira wenyewe nao huzeeka: ndani unavimba, unapitisha mafuta kwenda lakini haurudishi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Ukilegeza skrubu ya kutolea upepo na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limefungiwa, na mpira ndio mshukiwa wa kwanza.

Gari linalovuta upande mmoja huwadanganya wanaoanza kuliko yote. Likivuta kulia, mkono unakwenda kufungua gurudumu la kulia. Mara nyingi lile la kulia ndilo linalofanya kazi, na la kushoto limelala: silinda imekwama, au brekishuu imelowa. Na ikilowa, swali ni imelowa nini. Kwenye ekseli za Land Rover oili ya difu hupenyeza hadi kwenye habu ikiwa oili sili imekufa, na mafuta ya breki hutoka silinda iliyo hapo hapo. Yote mawili yakichanganyika na vumbi ni tope jeusi. Fundi analisugua kidogo vidoleni na kulinusa. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa. Akiwa bado na shaka anadondosha tone kwenye maji: mafuta ya breki ya glikoli yanayeyuka, oili inaelea. Kipimo hiki cha kopo moja la maji huamua kama kinachonunuliwa ni raba za silinda au oili sili ya habu, na kimewaokoa wengi wasitengeneze kisichokuwa kimeharibika.

Breki ya mkono ina hadithi yake. Haishiki magurudumu, inashika dramu iliyo nyuma ya boksi la gia la transifa, mahali propela ya nyuma inapoanzia, na inavutwa kwa fito bila mafuta. Kwa hiyo bomba likipasuka yenyewe inabaki hai. Ubaya wake ni wa aina mbili. Oili sili ya transifa iko mbele yake kabisa, ikivuja inailowesha. Na kwa kuwa inafanya kazi kupitia difu, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile la hewani liko huru kuzunguka kinyume, na gari linaweza kuserereka likiwa na breki ya mkono imevutwa. Magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini ni lazima kabla ya jeki kuguswa.

Vumbi la ndani ya dramu linahitaji maneno makali. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 bitana za breki zilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaweza kusababisha saratani miongo kadhaa baadaye. Umoja wa Ulaya ulipitisha marufuku mwaka 1999. Mafundi wa gereji zetu walipuliza dramu kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa, na hakuna aliyewaambia. Land Rover kuukuu inaweza bado kuwa na bitana za zamani. Dramu ifunguliwe ikiwa imelowanishwa, ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na isipulizwe kamwe.

Kiwanda kilibadilika polepole. Range Rover ya 1970 ilikuja na breki za diski magurudumu yote; Land Rover One Ten ya 1983 ikapata diski mbele; Series III za mwisho zilitoka mwaka 1985, na kufikia hapo njia mbili za mafuta zilikuwa zimeshaingia. Magari ya kale hayakwenda kokote: Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha.

Njia mbili zimeokoa maisha, na zimeleta aina mpya ya kosa kwa anayejifunza. Njia moja ikivuja, ya pili inasimamisha gari bado, kwa umbali mrefu zaidi na pedali iliyoshuka. Mwenye gari analizoea, taa ya onyo iliungua zamani, na anaendelea hivyo kwa wiki nyingi hadi mteremko wa kwanza wenye mzigo. Fundi wa leo anayeletewa gari la namna hiyo anafungua kopo la mafuta, ambalo lina vyumba viwili, na kuangalia ni chumba kipi kimeshuka kuliko mwenzake. Akishakijua, anaingia chini ya gari na kulifuata bomba lake kwa kidole, kiungo kwa kiungo, hadi mahali palipolowa.