Lugha, Jamaa na Uuguzi Katika Mji wa Bukavu

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi uuguzi ulivyokabiliana na tofauti za lugha na mila mjini Bukavu. Nyalukemba, pamoja na Ndendere na Panzi, ni mojawapo ya mitaa mitatu ya komini ya Ibanda. Katika enzi ya Wabelgiji, mji ulipoitwa Costermansville, Ibanda ilikuwa makao ya Wazungu kando ya Ziwa Kivu, ilhali Waafrika walitengewa Kadutu na Bagira. Ubaguzi huo uliingia hata katika matibabu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na daktari mzalendo mwenye shahada kamili. Kwa hiyo wauguzi na wasaidizi wa tiba Wakongo ndio waliosimama kati ya daktari mgeni na mgonjwa. Mafunzo waliyapata kwa Kifaransa. Malalamiko ya wagonjwa waliyasikia kwa Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kirega au Kifuliiru. Muuguzi alikuwa pia mkalimani, ingawa kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa taaluma.

Kiswahili kiliwaunganisha watu wa makabila hayo, lakini hakikumaliza tatizo. Bibi aliyetoka kijijini akijua Mashi tu hawezi kueleza maumivu yake kwa lugha ya sokoni. Papo hapo ndipo jamaa huingia. Neno “muuguzi” lenyewe latokana na kitenzi “kuuguza”, yaani kumtunza mgonjwa, kazi iliyokuwa ya ndugu kabla ya kuwa ya hospitali. Hata leo ndugu ndio wanaompikia na kumwogesha mgonjwa wodini.

Hata hivyo, jamaa si mkalimani mwema kila mara. Jambo hili lilidhihirika wakati wa vita. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa mwezi Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkurugenzi wake, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Ilikusudiwa hasa kwa akina mama wajawazito, lakini ikajaa wanawake waliobakwa. Mwanamke wa namna hiyo akitafsiriwa na shemeji yake, ama atanyamaza, ama siri yake itamtangulia nyumbani, na huenda mumewe akamkataa. Ndiyo maana Panzi iliwaweka wasaidizi wanawake, waitwao mama cheri, ili wampokee mgonjwa na kufuatana naye. Tiba ikaunganishwa na ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na wa kujikimu. Mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Historia hii yatufundisha kwamba kuheshimu mila si kumwachia jamaa kila kitu, wala si kumfukuza. Ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, ni nani anayetaka asikie. Vyuo vya uuguzi vikiifundisha lugha kama sehemu ya tiba, na wataalamu wa Kiswahili wakishirikiana navyo, muuguzi hataachiwa tena kubahatisha.