Zone Industrielle nayo ni urithi

Vijana ninaofanya nao kazi wakisikia neno "urithi" wanawaza ngoma za Gishora tu. Mimi nawaambia: anzeni hapa hapa Zone Industrielle, mnapopita kila siku mkitafuta kibarua.

Wajerumani walijenga kambi ya jeshi hapa kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1897, wakaiita Usumbura. Wabelgiji wakaichukua 1916, na mji ukakua kwa bandari, meli zikipakua mizigo ya Kigoma. Watu kutoka Kongo na Tanganyika wakakaa Buyenzi, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili, hiki hiki tunachoandikia.

Kisha vikaja viwanda. Kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa 1955, miaka saba kabla ya uhuru. Pamba ilitoka Imbo, bonde la mto Ruzizi, ambako wakulima walilazimishwa kuilima enzi za Wabelgiji. Baada ya uhuru ikafumwa mjini, COTEBU. Kiwanda hicho kilifungwa, baadaye Afritextile ikaendelea na kazi ya nguo.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu kijana mkimbizi huambiwa, "Mji huu haukuhusu." Kumbe waliobeba magunia yake bandarini wengi walitoka ng'ambo ya ziwa kama sisi. Lakini majina ya wabebaji hao husahaulika.

Basi, ndugu zangu, wazee wa Buyenzi bado wapo. Nendeni na kalamu, mkawaulize walifanya kazi wapi na walilipwa nini.