Askofu Weston na Mzozo wa Kikuyu

Mpaka wa Kenya na Tanzania unaopita Horohoro ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Dayosisi ya Kianglikana ya Zanzibar haikuufuata: askofu alikaa Unguja, chini ya Waingereza, ilhali vituo vyake vya bara, Magila na vingine vya Bonde vikiwemo, vilikuwa chini ya Wajerumani. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini, ilianza dayosisi ya Mombasa, ya Kianglikana vilevile lakini ya mkondo mwingine. Zanzibar ilikuwa ya UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), watu wa misa, ubani na maungamo. Mombasa ilikuwa ya CMS (Church Missionary Society), iliyopatana kwa urahisi na Wapresbiteri na Wamethodisti.

Juni 1913 misheni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu, nchini Kenya, na kupendekeza shirikisho: muumini akihamia eneo la misheni nyingine apokelewe Meza ya Bwana huko. Mkutano ulifungwa kwa ushirika wa pamoja ulioongozwa na Askofu Peel wa Mombasa. Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi.

Tangu hapo Weston husimuliwa kama adui wa umoja. Wasimuliaji wachache wameisoma barua yake ya wazi ya 1913, ambamo Kikuyu ni hoja moja kati ya tatu. Nyingine zilihusu mambo ya Kanisa la Uingereza kwenyewe. Alichokidai ni kwamba bila uaskofu hakuna Kanisa la kuungana nalo. Hoja ni ngumu, na lugha yake ilikuwa kali kupita kiasi, lakini haikuwa chuki. Alipohudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu mwaka 1918, alipendekeza kwamba wenzake wakiupokea uaskofu, naye angekuwa tayari kupokea kibali cha makusanyiko yao. Hawakukubali. Ukaundwa muungano mlegevu tu, ambao ulizaa shule ya Alliance mwaka 1926.

Kati ya mikutano hiyo miwili ilipita Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani waliwafunga wamisionari wa UMCA, na walimu na makasisi Waafrika wa Bonde waliteswa kwa kushukiwa kuwa upande wa Waingereza. Weston mwenyewe aliongoza wapagazi wa Zanzibar katika kampeni ya 1916. Amani ilipokuja, zamu ikawa ya Walutheri wa Usambara: wamisionari wao Wajerumani walifukuzwa, na sharika zikabaki mikononi mwa wenyeji.

Kipimo kizuri zaidi cha pande mbili za mzozo wa Kikuyu ni kazi ya shuruti nchini Kenya. Mwaka 1919 Willis, Askofu Heywood wa Mombasa na Dkt. Arthur wa Wapresbiteri, watetezi wa umoja, walitoa waraka wa pamoja uliokubali shuruti iwekwe kisheria na kuwekewa mipaka. Weston, aliyekwisha kuulaani utawala wa Kijerumani, mwaka 1920 alichapisha kijitabu kilichowashambulia Waingereza kwa jambo hilohilo. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, Novemba 1924.

Mwaka 1960 Waanglikana wa Kenya na Tanganyika waliwekwa katika jimbo moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 likagawanywa kwa mipaka ya nchi, na safari hii Kanisa likaufuata mpaka wa Horohoro: Tanga ya UMCA ikatengana na Mombasa na kubaki katika jimbo moja na Dodoma ya CMS, chini ya Askofu Mkuu John Sepeku.